Seva Iliyopakwa Mafuta

Kwa muda mrefu nimekana, mbele ya dada yangu, mbele ya fundi, na mara moja mbele ya mchungaji ambaye alikuwa ameuliza kwa adabu tu, kwamba mfumo wa Linux niliouweka kwenye seva ya kampuni ya dada niliuchagua kwa sababu ya picha. Nilisema niliuchagua kwa sababu ya usalama. Nilisema kwa sababu ya kasi. Siku moja nilipobanwa sana nilisema kwa sababu ya falsafa yake, na kwa kuwa nimesoma chuo kikuu, watu walitikisa vichwa wakaniacha. Ukweli ni kwamba ulikuja na picha ya ziwa, asubuhi, na ukungu wa zambarau juu ya maji, na mimi ni mwanamke wa makamo ninayeishi New Site hapa Juba, ambako dirisha langu linatazama tangi la maji la jirani.

Kwa asiyejua, Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, si kitu kimoja. Ni kama unga wa mahindi. Unga ni uleule, lakini Kampala utaletewa posho ngumu ya kukatwa, na hapa Juba utaletewa asida laini inayoteleza kwenye mchuzi wa bamia, na kila mpishi atakuapia kwamba mwenzake anaharibu unga. Mapishi ya Linux ni mengi sana, na wapishi wake ni wagomvi kuliko hao wa asida, kwa hiyo sitataja jina la pishi lolote. Itoshe kusema kuna yale ya haraka, yanayobadilika kila wiki: unaamka, unawasha kompyuta, unakuta vyombo vimehamishwa, kisu ni kipya na chumvi haiko ulipoiacha. Na kuna yale ya kizee. Hayo hukaa miaka na miaka yakifanya jambo lilelile kwa namna ileile, na kazi pekee ya watunzaji wake ni kutia kiraka pale palipotoboka.

Nyumbani nilikuwa na pishi la haraka, na nililipenda kama watu wanavyompenda mtoto mtundu. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, nilibonyeza kusasisha, nikatazama mistari ikishuka kwenye skrini, nikajiona mtu wa maana. Likiharibika Jumamosi, basi nimepata Jumamosi nzuri: nilikaa kwenye kochi nikisoma ugomvi wa watu nisiowajua mtandaoni, nikijaribu hiki na kile, mpaka kompyuta iwake tena na mimi nitembee nyumbani kama niliyefufua mtu. Ilipokataa kuwaka kabisa, aliyeumia alikuwa mimi peke yangu, pamoja na makala zangu, ambazo hata hivyo hakuna aliyekuwa akizisubiri.

Dada yangu ni mtu mwingine. Alinitangulia kuzaliwa, na kule uhamishoni Uganda alinitangulia pia kuacha shule, ili mimi niendelee. Aliuza chapati, akauza mkaa, akarudi Juba na lori moja lililokuwa likikohoa njia nzima. Sasa ana malori yanayoleta nyanya, vitunguu na mayai kutoka mpakani Nimule, mzigo wa akina mama wanaouza katika masoko ya hapa mjini. Malori hayo husimama kwenye yadi yake Nesitu, kando ya barabara kuu, na hapo kila kreti huhamishiwa kwenye gari dogo la mwenyewe.

Zamani akina mama walikuwa wakipigana pale Nesitu. Nyanya hazina jina usoni. Mmoja akifika mapema alichagua kreti nzuri na kuacha zilizopondeka kwa aliyechelewa, na madereva walipewa chai ili wakumbuke vizuri zaidi. Dada akaweka sheria: kreti zina namba tu, na ni mashine pekee inayojua namba ipi ni ya nani. Mashine isiposema, hakuna kreti inayotoka, hata kama mwenye mzigo ni mama yake mzazi. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake. Malori ya kukodi yako mengi. Mtu ambaye kwake nyanya yako ni nyanya yako alikuwa mmoja.

Seva ya kwanza, ndiyo hiyo mashine, ilipochoka akanunua mpya, akaniita.

"Wewe ndiye msomi," alisema. "Weka kitu ndani."

Shahada yangu ni ya fasihi, na watu huniita mwalimu. Lakini katika ukoo wetu, mtu mwenye miwani aliyewahi kuifanya printa ichapishe ni mhandisi, na sikumsahihisha. Ningemsahihisha siku ile, nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Nilikwenda kumwona fundi, Mganda mwenye duka Gudele, anayeuza kalamu, kutoa fotokopi na kutibu kompyuta. Fundi huyu si mnyenyekevu hata kidogo. Ukutani ameandika kwa rangi nyekundu kwamba yeye ni daktari, na ana desturi ya kukujibu kabla hujamaliza swali.

"Mwalimu, sikiza," alisema. "Kwa nyumba yako weka ile unapenda. Weka hata maua. Lakini kwa kazi weka ile mzee. Mimi nataka mfumo yenye hata nikikufa leo, yenyewe haiwezi jua."

"Fundi, hiyo ya kizee ina programu za zamani."

"Eeh, za zamani. Na nyanya yako aliyekuzalia mama ni wa zamani, si alipika mkashiba?"

"Dunia inakwenda mbele."

"Dunia ndiyo," alisema. "Nesitu iko tu pale."

Nilicheka kwa dharau ya mtu aliyesoma, nikaondoka. Hakunifuata kunibembeleza. Baadaye alikiri kwangu kwamba mechi ya timu yake ilikuwa karibu kuanza na alitaka nitoke dukani.

Nikaweka pishi langu la nyumbani kwenye seva ya dada. Nililiweka lote, na mapambo yake yote, na ziwa.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila fundi analijua na ambalo mimi nililijua pia. Seva haihitaji skrini. Hukaa gizani kama mlinzi, na watu huzungumza nayo kupitia kompyuta nyingine, kama ile ya yadini Nesitu. Fundi aliifungia kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya dada hapa mjini, kilichokuwa stoo ya magunia, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, pamoja na betri za sola. Ingeweza kukaa humo miaka bila mtu kuiona sura. Lakini ziwa langu je? Nilinunua skrini kubwa, nikamlazimisha fundi atoboe ukuta, tukapitisha waya, nikaiweka skrini mezani pale mapokezi ili kila anayeingia kutoka kwenye vumbi akutane na asubuhi ya zambarau.

"Hii ni ya nini?" fundi aliuliza, akiwa bado ameshika drili.

"Ni ya kufuatilia hali ya mfumo."

"Mfumo iko na hali ya ziwa," alisema.

Kisha ikaja siku ya maombi. Kwetu hakuna kitu kinachoanza kazi bila kuombewa: si kiwanja, si kinu cha kusaga, si jenereta. Na kilichopakwa mafuta si cha kuchezewa tena. Lile lori la kwanza la dada, lililokuwa likikohoa, lilikufa injini zamani, na bado linasimama Nesitu juu ya mawe. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamekuja mpaka wamechoka. Kuku hutaga kwenye kiti cha dereva. Dada akiulizwa husema, "Limeombewa," na mazungumzo yanaishia hapo.

Akina mama wa kanisa walikuja wamevaa sare, wakiongozwa na mama mmoja ambaye dada humsikiliza kuliko anavyomsikiliza daktari. Walikuwa kambi moja kule uhamishoni. Ni yeye aliyemwombea dada alipopoteza ujauzito, na ni yeye aliyeliombea lile lori. Tuliimba. Vigelegele vikapigwa. Mama akafungua chupa ndogo ya mafuta ya zeituni, akatazama huku na huku pale mapokezi.

"Mashine ni ipi?"

"Ndiyo hii, mama," nikasema, nikasogea pembeni ili ziwa lionekane vizuri.

Aliliangalia muda mrefu kidogo. Akaweka mkono juu ya skrini, akaomba kwa Kibari, akaomba kwa Kiarabu cha Juba, akapaka mafuta kwenye pembe ya juu, na tone moja likateremka polepole juu ya ukungu wa zambarau. Nyuma yangu fundi aliguna kama mtu aliyekanyagwa kidole. Dada alikuwa analia. Kisha tukala kisra, ile mikate myembamba ya mtama.

Mara ya kwanza ilikuwa vitunguu. Nilikuwa nimesasisha seva asubuhi, kwa mazoea tu, kama wengine wanavyoshika rozari. Seva ikajizima, ikajiwasha, ziwa likaja. Kitu kingine chochote hakikuja. Programu inayotunza kumbukumbu za mizigo ilikuwa imepanda toleo, na toleo jipya lilikataa kufungua ghala la toleo la zamani, kama mlinzi mpya anayemzuia mwenye nyumba langoni. Nilikaa mbele ya ile skrini. Nyumbani jambo hilihili lingenipa Jumamosi. Pale lilinipa sauti ya msimamizi wa yadi kwenye simu ya dada: "Mama, system inakataa, na watu iko hapa wanauliza." Sikuwahi kufikiri kwamba kitufe ninachobonyeza kabla ya chai kinaweza kuwa na watu upande wa pili.

Niliirekebisha alasiri. Vitunguu ni viumbe wavumilivu, havikudhurika. Dada aliponiuliza shida ilikuwa nini, nilisema ni intaneti. Juba ukisema ni intaneti, hakuna anayeuliza zaidi.

Msomaji atadhani niliacha. Nami ningependa kudhani hivyo. Lakini pishi la haraka lina ubaya wake: usipolisasisha linachacha, na kadiri unavyochelewa ndivyo mruko unavyokuwa mkubwa. Nikawa kama mtu aliyepanda pikipiki isiyo na breki, anayeogopa kuongeza mwendo na anayeogopa zaidi kupunguza. Nilimweleza fundi. Akasema, "Si nilikuambia?" Nikasema hakuniambia hivyo. Akasema alitaka kuniambia, ila mpira.

Mara ya pili ilikuwa nyanya.

Mvua ilikuwa imefunika mji tangu mwanzo wa wiki na betri za sola zilikuwa hoi. Mimi nilikuwa ofisini, nimebonyeza, mistari inashuka. Nilikwenda kuchukua chai mlangoni. Umeme wa mji ukakatika. Niliisikia jenereta ikijaribu kuamka, mara moja, mara ya pili, ikanyamaza. Nikageuka na kikombe mkononi, nikaona ziwa linazimika.

Kusasisha mfumo kukikatwa katikati ni kama kumhamisha mtu nyumba kisha ukamwacha barabarani: mlango wa zamani umeshafungwa na wa mpya haujapatikana. Umeme uliporudi, skrini ilikuwa nyeusi, na juu kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa herufi nyeupe usiosema lolote la kibinadamu. Niliwasha tena. Mstari uleule. Nikajaribu ujanja wote wa Jumamosi zangu. Nikafungua kompyuta yangu ya nyumbani, niliyokuwa nayo kwenye mkoba, ili walau nifungulie kumbukumbu huko. Nilikuwa na nakala yake, jambo pekee la akili nililofanya katika hadithi hii nzima. Kompyuta yangu, mpenzi wangu, ilikuwa na toleo jipya zaidi hata ya lile la kwenye seva. Ikakataa. Sijui kama umewahi kusalitiwa na kitu ulichokitetea mbele ya watu. Nilikaa chini sakafuni.

Wakati huo malori mawili ya nyanya yalikuwa yameshaingia Nesitu, na mvua ilikuwa imekatika, na jua lililokuja nyuma yake lilikuwa na hasira.

Fundi alikuja na pikipiki, akaingia chumba cha nyuma, akatoka.

"Hii imekufa," alisema. "Nafuta yote, naweka ile mzee, naweka programu ya toleo ile ya nakala, narudisha kumbukumbu. Flashi iko hapa kwa mfuko. Nesitu watafungua kabla nyanya ijue kitu."

Nilijua ni kazi ndogo. Nakala ilikuwepo, fundi alikuwepo, umeme ulikuwepo kwa neema. Nikageuka kwa dada kupata ruhusa, kama mtu anayeomba chumvi.

"Kufuta?" alisema.

"Ndiyo, dada."

"Kufuta mashine iliyopakwa mafuta?"

Katika kila nilichosoma kuhusu seva na kompyuta za nyumbani, hayo magomvi yote ya wapishi wa mtandaoni, hakuna aliyewahi kutaja jambo hili.

"Dada, hatufuti mizigo. Tunafuta mfumo tu."

"Na mafuta yalipakwa wapi? Kwa mizigo au kwa mfumo?"

Miaka yote ile ya chuo kikuu, na nikamgeukia fundi anijibie.

"Lori langu la kwanza," dada akaendelea, "nani ameligusa?"

"Hakuna, dada. Kuku tu."

"Kuku hawafuti kitu."

"Madam," fundi akasema, "nyanya iko juani."

"Ninajua nyanya ziko wapi!" Sauti yake ilipasuka. Sijawahi kumsikia hivyo tangu tulipokuwa watoto. "Mimi ndiye nilizileta. Lakini kila kitu nilicho nacho kilianza na maombi ya yule mama, na sitakifuta kwa mikono yangu kwa sababu mtu ana haraka. Akisema yeye, khalas, basi, futeni. Asiposema, hapana."

Tukampigia yule mama wa maombi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Binti yake akasema amekwenda msibani upande wa Nimule, ambako mtandao hupatikana ukipanda kilima, na kwamba atampigia mtu wa kule kilimani amfuate.

Tukangoja. Simu ya dada ililia tena na tena, na kila mara ilikuwa Nesitu. Msimamizi alikuwa anaitunza sheria kama alivyoapa: lango limefungwa, malori yamefunikwa maturubai, na akina mama waliokuwa wamefika kwa boda walikuwa wanapiga lango kwa mawe. Mmoja aliomba apewe simu.

"Mama," alimwambia dada, na sauti yake ilijaa chumba kizima, "mimi sikulaumu. Lakini nyanya zangu zimeanza kutoa maji. Wenzangu wanasema kesho watapakia kwa yule jirani yako mwenye malori. Mimi nimewaambia ngojeni. Usiniaibishe."

"Sitakuaibisha," dada alisema, akaweka simu mezani kama kitu kinachoungua.

Halafu akanigeukia, kwa upole ulionitisha kuliko kelele.

"Mdogo wangu, nieleze kama ninavyoelewa. Kwa nini ilikufa?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya posho na asida, ya pishi la haraka na la kizee. Nikasema la nyumbani ni kama mtu anayehamisha samani kila siku, ambaye unaweza kumvumilia kwa kuwa sebule ni yako. Lakini kazini unataka mtu asiyehamisha hata kijiko, ili anayeingia gizani akute kiti alipokiacha. Nilieleza vizuri. Nilijisikia nikieleza vizuri.

Dada alinitazama. Fundi akaanza kuisoma kwa makini karatasi ya tangazo iliyokuwa ukutani.

"Kumbe unajua," dada alisema.

"Ninajua."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Fundi aliniambia."

"Na ukaweka hiyo ya kuhamisha viti." Hakuuliza. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo, kama wa mtu aliyeletewa habari ya msiba ambayo bado haijamwingia. "Nilidhani hukujua. Niliwaambia watu, mdogo wangu hakujua, kompyuta ni ngumu. Kumbe ulidhani Nesitu ni sebule yako."

Skrini nyeusi mezani ilituonyesha sura zetu sote, na kwenye pembe ya juu niliona lile doa la mafuta lililokauka, ambalo ziwa lilikuwa likilificha.

Simu ikalia. Dada aliipokea kabla mlio haujakamilika, akaiweka sauti ya juu ili sote tusikie. Upepo ulikuwa ukivuma kule, na mama alikuwa anahema kutokana na kilima.

"Nani amekufa huko?" aliuliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni mashine ya ofisi. Ile uliyotuombea."

"Ile ya ziwa?"

"Ndiyo hiyo. Imekufa. Wanataka kuifuta ndani waanze upya, na mimi nimekataa mpaka uniambie wewe."

"Imekufa vipi? Imepasuka?"

"Haijapasuka, mama. Iko hapa mezani, imekuwa nyeusi."

Fundi hakuweza kujizuia. Anajibu kabla ya kuulizwa, ndiyo tabia yake. "Mama, hiyo ya meza ni mzima! Ni ya kuonyesha tu. Mashine yenyewe iko nyuma, kwa kabati."



"Kabati gani?" mama akauliza.

"Ya chuma. Chumba ya nyuma, ilikuwa ya gunia."

"Mimi sikuingia chumba chochote. Niliweka mkono kwenye ile televisheni. Nikaipaka mafuta ile televisheni." Alikuwa anafikiri kwa sauti, na mshangao ulikuwa ukipanda nayo. "Ina maana hiyo mnayotaka kufuta, mimi sijaigusa? Sijaiona kwa macho? Miezi yote hii ninawataja kwenye maombi, imekaa kabatini haijaombewa?"

Dada alitazama skrini. Akaufuata waya kwa macho, taratibu, mpaka kwenye tundu la ukutani. Kisha akanitazama mimi.

"Na niliuliza," mama aliendelea. "Niliuliza, mashine ni ipi? Nani alinionyesha ile?"

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Wewe mwalimu? Kwa nini?"

Nilikuwa na usalama mdomoni. Nilikuwa na kasi. Falsafa nayo ilikuwa nyuma yake, imevaa, iko tayari kutoka. Fundi alikuwa ameacha kusoma ukuta.

"Kwa sababu ya picha, mama," nikasema. "Mfumo wenyewe niliuweka kwa sababu ya ile picha. Niliona ni nzuri, nikataka watu waione."

Niliomba mtandao uwe umekatika.

"Ilikuwa nzuri kweli," mama alisema. "Hata mimi niliipenda, nikasahau kuuliza zaidi. Malesh, si neno. Sasa futeni hiyo ya kabatini, nyanya za watu zinaoza. Nikirudi nitakuja kuiombea, na safari hii mtanifungulia mlango niione mwenyewe. Na ile televisheni yangu, mtu asiiguse."